Pua ya Bwana Kimotho

Niliposikia kwamba Kimotho amekufa nilikuwa jikoni kwangu Kileleshwa nakaanga vitunguu vya biriani, na sikuzima jiko. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akadhani anasoma maneno ya mtu aliyefiwa. Niliendelea kukaanga mpaka vikapata rangi niitakayo, nikaviopoa, nikavitandaza kwenye karatasi vichuje mafuta, ndipo nikausikiliza tena ujumbe wa sauti alionitumia Njoroge, mwanawe wa kwanza. "Aunty Zuhura, Dad ametuacha. Mum amesema wewe ni mmoja wa watu lazima waambiwe mapema." Nilimjibu kwa adabu, kama nilivyolelewa. Mazishini sikwenda. Miezi mitatu baadaye Njoroge akanitafuta tena. Familia inaandaa chakula cha mchana cha kumkumbuka mzee, nyumbani kwao Spring Valley, na siku hiyo itafunguliwa chupa yake ya mwisho ya divai ya Larquebine. Mimi niliyekuwa mfanyakazi wake wa kwanza naombwa nije niifungue, kisha niseme maneno machache, dakika mbili hivi. Pamoja na mwaliko akanitumia ukurasa wa kwanza wa programu. Kimotho yuko pichani ameinua glasi, amefumba macho, pua imezama ndani, na chini yake wameandika kwa herufi kubwa kwamba alikuwa Pua ya Dhahabu, mtu aliyeweza kuitambua divai mbovu kabla haijagusa ulimi.

Pua ile ilikuwa yangu. Kimotho hakuweza kunusa hata maziwa yakiungua mbele yake, na waliojua hilo tulikuwa wawili, yeye na mimi. Nilikaa na ile picha mkononi mpaka simu ikajizima, nikaiwasha, nikaitazama tena. Nimekuwa mtu mzima, nina duka langu la udi na mafuta mazuri pale mjini, nina wajukuu wa dada yangu wanaoniita bibi, na bado hasira ilinipanda kama ya msichana wa miaka ishirini na mitatu. Nikamjibu Njoroge kwamba nitakuja, na nikajiambia kwamba zile dakika mbili nitazitumia vizuri.

Mwaka ninaouandika hapa ulianza katika ofisi ya ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, katikati ya mji. Kimotho alikuwa ameacha kazi ya mkuu wa wahudumu wa mezani katika hoteli moja kubwa, kazi iliyomfundisha divai kwa kuwamiminia wengine, akaanza kuagiza ya kwake kutoka shamba moja tu la Ufaransa, Larquebine. Alitaka awe wakala wao wa Afrika Mashariki nzima. Mimi nilichukuliwa kupiga taipu. Wiki ya tatu ililetwa shehena ya maboksi, yakapangwa nyuma ya kiti changu, na siku nzima nikawa nasumbuliwa na harufu ya katoni iliyonyeshewa ikakaushwa ndani ya kabati. Nilimwambia. Akayagusa maboksi yote, yalikuwa makavu. Nikainuka, nikanusa boksi moja moja mpaka nikamwonyesha chupa iliyokuwa ikivuja kidogo kwenye kizibo. Aliifungua, akamimina kidogo, akaweka pua, akanitazama. "Uko na uhakika?" akauliza. Nilimshangaa, maana harufu yenyewe ilikuwa imejaa chumba. Alimwita rafiki yake wa hotelini, naye alionja mara moja akaitema kwenye ndoo. Rafiki alipoondoka Kimotho alifunga mlango na kukaa kwenye boksi, mtu mzima na suti yake.

"Walinitoa vinyama kwa pua," akasema. "Miaka mbili imepita. Tangu hiyo siku sisikii kitu. Hata mtoto wangu akijichafua, mpaka nione mama yake akikimbia." Alijaribu kucheka. "Hii kitu ikijulikana, Zuhura, mimi nimekwisha. Nani atanunua wine kwa mtu hana pua?" Nilimhurumia, na huruma ile ndiyo imenigharimu. Nilimwambia nitamnusia, ila ulimi wangu hautagusa tone, na mtu yeyote wa kwetu akija kuuliza, yeye mwenyewe atasema hivyo kwa kinywa chake. Kwetu hata kuibeba tu ni neno zito, na nilikuwa nakaa Ngara kwa mjomba wangu Maalim Athman, aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima Qurani. Sikutaka kumdanganya mjomba, nilitaka tu niwe na shahidi. Kimotho aliinua mkono kama yuko mahakamani. "Mtu akiniuliza, nitamwambia huyu msichana hajawahi onja. Na kama si yeye mimi ni kipofu. Hiyo ni promise."

Kazi ya kunusa ikahamia Spring Valley, kwenye gereji aliyoigeuza stoo. Chumba kile nakijua kuliko vyumba vingi nilivyolala. Hakikuwa na dirisha, sakafu ya saruji ilimwagiwa maji kila asubuhi ili kuwe na ubaridi, na chupa zililazwa ubavu kwenye rafu za mbao alizochongewa na fundi wa Riruta, mtaa aliokulia. Nilikuwa nafungua, namimina kimo cha kidole kimoja, nanusa, naandika, namwaga. Mlango wa ndani uliingia jikoni moja kwa moja, na jikoni ndimo tulimotengenezea ile ishara. Wageni walipokuja kuonja, kila chupa ilikwenda mezani na trei yake, glasi zikiwa zimeshamiminwa, na pembeni kitambaa cheupe chenye ukingo wa samawati. Kitambaa kikikunjwa pembetatu, divai ni nzima. Kikikunjwa mraba, kizibo kimeiharibu, ndiyo ile harufu ya katoni iliyonyeshewa. Kimotho alitupa jicho kwenye kitambaa, akainua glasi, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu ya bure, kisha akatoa hukumu. Watu walikuwa wakitazama pua yake, na hakuna aliyetazama kitambaa. Vitambaa vyenyewe alivipiga pasi mkewe, Mama Njoroge, mwanamke mpole wa maneno machache, kila Alhamisi, akiwa amesimama kando ya dirisha la jikoni na redio ya kanisani imewashwa chini chini.

Nataka niwe mkweli kuhusu Larquebine, maana ile divai haikunikosea kitu. Mwenye shamba alikuwa ameandika kwenye barua zake kwamba mizabibu yake imesimama kwenye kilima cha changarawe tupu, karibu na mto, ambako hakuna mmea mwingine ambao ungekubali kuota, na kwamba mizizi hushuka chini sana kutafuta maji. Niliyapiga taipu majibu ya barua hizo, na nilipoinusa nikaamini. Ilikuwa na harufu ya changarawe baada ya mvua. Ilikuwa na penseli iliyochongwa sasa hivi, na chuma, kama ufunguo ulioshikwa na mkono wenye jasho. Chini kabisa, ukivumilia, kulikuwa na zambarau zilizoiva zikachumwa pamoja na majani yake. Ya mwaka mchanga ilikuwa kali, imekunja ngumi, na nilijua ukakasi wake kwa kuwatazama waliokuwa wakiinywa jinsi mashavu yalivyokuwa yakiingia ndani. Ile iliyokaa miaka kumi na tano ilikuwa imelegea, ikatoa tumbaku na ngozi ya kiatu kipya, lakini changarawe haikuondoka. Sikuwahi kukutana na kitu chochote, hata udi wa gharama ninaouuza leo, kilichokuwa na msimamo namna ile.

Kadi za maelezo nilimwachia yeye aandike, kwa sababu Kiingereza cha divai alikijua. Tulikaa mezani jikoni baada ya chakula cha mchana, githeri ya Mama Njoroge au chapati na ndengu, mimi nikiwa na glasi na yeye na kalamu. "Zambarau," nilisema. Alikataa. "Zambarau Wazungu hawaijui. Hiyo ni blackcurrant." Nilimwuliza kama amewahi kuiona hiyo blackcurrant. "Kwa chupa ya juice," akajibu bila aibu, akaandika. Ufunguo wenye jasho aliukataa pia, na kiatu kipya kikapita baada ya mabishano. Kadi zilipochapishwa zilikuwa na jina lake chini, kwa mwandiko wa kuinama. Wanunuzi wake wakubwa walizisoma kwa sauti, kisha wakaomba barafu na soda ya kuchanganyia. Niliwaona kwa macho yangu, wanaume wenye magari makubwa, wakimimina Larquebine ya miaka kumi na tano nusu glasi na soda nusu, na Kimotho akitabasamu na kusema karibuni, kila mtu na njia yake. Nilirudi jikoni nikafungua bomba kwa nguvu ili wasinisikie nikisonya.

Kitu kimoja alikitaka kwangu ambacho sikukipima uzito wake. Alisoma mahali kwamba anayeonja divai hapaki manukato, akaniambia niache udi. Nguo zetu hufukizwa. Mwanamke wa kwetu hupitisha kanga na gauni juu ya chetezo kabla ya kutoka, hasa Ijumaa, hasa akiwa amechumbiwa, na mimi mwaka ule nilikuwa nimechumbiwa. Salim alikuwa na duka la saa mtaa wa pili kutoka ofisini kwetu, kijana wa Mombasa mwenye vidole vyembamba na utani wa kimyakimya. Tulikuwa tunapendana na kila mtu alijua. Mwaka mzima nilitembea bila udi. Wanawake wa Ngara wakaanza kusogea kando kidogo nikikaa, si kwa ubaya, walikuwa wakinusa tu, na walichonusa ni stoo ya Spring Valley. Maneno yakaanza. Yalipofika Mombasa yalikuwa yameshaota miguu, kwamba Zuhura anakunywa na mwajiri wake gerejini. Salim alikuja ofisini akakaa kwenye kiti cha wageni, akaikunjua na kuikunja kofia yake. "Mimi sina shaka nawe," akasema. "Lakini shangazi zangu waja kukuulizia, ndiyo ada yetu, wataka waone unapofanya kazi. Huyo tajiri wako akitamka mwenyewe kuwa huinywi, basi mama nitamkabili mimi." Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mtu wa kusema yupo, na ameshaahidi.

Kabla ya shangazi, alikuja Mfaransa. Bwana Soulignac, mwenye shamba mwenyewe, mzee mrefu wa masikio makubwa, alikuwa akizunguka kutafuta wakala, na Kimotho alikuwa hajalala vizuri kwa wiki mbili. Alileta chupa sita za miaka mbalimbali, zote zikiwa ndani ya mifuko ya karatasi. Nilizifungua jikoni. Tano zilikuwa nzima. Ya nne ilinipiga na ile katoni iliyonyeshewa, si kwa nguvu, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Niliinusa mara tatu. Kama ningekosea, Kimotho angemtukana mwenye shamba mezani kwake. Nikakunja mraba, nikabeba trei mwenyewe. Mama Njoroge alikuwa ameketi mwisho wa meza na gauni lake la kanisani, na trei ilipofika kwake alitikisa kichwa, akasema kichwa kinamuuma, na glasi yake nikairudisha. Kimotho akainua ya kwake, akafumba macho, akaishusha. "Bwana, hii naomba iondolewe," akasema kwa Kiingereza chake cha hoteli. Nilishika mlango. Soulignac akanusa, akanusa tena, shingo ikamwiva. Akasimama, akampa Kimotho mkono. Alisema amemimina divai katika nchi nyingi, na kila wakala husifu chochote anachomiminiwa, na huyu ndiye wa kwanza aliyethubutu kukataa. Alisema mtu huyu ana pua ya dhahabu. Wakala akapatikana siku hiyo hiyo, na chupa nyingine isiyofunguliwa ikawekwa sahihi ya mzee na kulazwa kwenye rafu ya juu, isiguswe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei. Kimotho hakugeuka.

Nilimvumilia, kwa sababu nilihitaji neno moja tu kutoka kwake. Wiki iliyofuata nilimkumbusha, shangazi wanakuja Jumamosi. "Wakija mimi mwenyewe nitawaambia," akasema, lakini aliyasema akitafuta kitu kwenye droo. Jumamosi walikuja wanawake wawili wa buibui, na sanduku la halwa, wakakaribishwa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni natia iliki kwenye birika la pili la chai, mlango uko wazi kiasi, na kwenye ujia kati ya jikoni na sebule nilikuwa naona viatu vya Kimotho. Alikuwa amesimama pale, hakuingia. Mama Njoroge akasema mumewe ametoka kidogo. Nilifikiri anamhifadhi mpaka ajitayarishe.

"Twashukuru kwa makaribisho, mama," yule mkubwa akasema. "Sisi twauliza tu, ndiyo desturi, msituone wajuba. Huyu mtoto wetu hapa kwenu yuwafanya kazi gani?"

"Anasaidia mzee kwa stoo," Mama Njoroge akajibu.

"Na hiyo mvinyo, yeye huigusa?"

Niliacha kukoroga. Viatu vya Kimotho havikusogea. Mama Njoroge akarudisha kikombe kwenye kisahani.

"Kusema ukweli, mimi sijui wanafanya nini huko," akasema. "Mimi huona tu chupa zikiingia zimejaa zikitoka tupu. Kwa hiyo siwezi jua."

Yule mdogo akasema kwa sauti ya chini, lakini jikoni ilifika, "Nilikwambia. Binti kachumbiwa na hanukii hata chembe ya udi." Walikunywa chai yangu, wakashukuru, wakaaga. Niliingia kwenye ujia nikasimama mbele ya Kimotho. Alikuwa ameuegemea ukuta. "Wamekwenda tu getini," nikamwambia. "Neno moja." "Zuhura, elewa," akasema. "Soulignac ameenda juzi. Nikisema wewe ndio unanusa, ni nani atanyamaza? Hao wanawake watasema kwa duka, duka itasema kwa hoteli." Nikamwambia aseme tu sikunywa, mengine aache. "Wataniuliza sasa anafanya nini na glasi huko," akajibu, na hapo alikuwa sahihi, na kwa kuwa alikuwa sahihi nilimchukia zaidi. Geti likafungwa. Mshenga wa Salim akaja Ngara baada ya siku tisa kuvunja uchumba. Maalim Athman hakunipigia kelele. Aliniuliza kama nimekula, na tangu siku hiyo hakunisomesha tena hata aya moja. Salim alifunga duka lake akarudi Mombasa, akaoa pale pale mwaka haujaisha. Mimi niliacha kazi Jumatatu. Nilipotoka, Kimotho alinipa chupa ya Larquebine iliyofungwa utepe, na huo nauhesabu kuwa ujinga mkubwa kuliko wote aliowahi kunifanyia.

Miaka yote hii nimemchukia mtu mmoja. Nilisema hata mbele ya Mungu kwamba mkewe sina neno naye, maana alijibu alichokijua, na hakujua kitu. Alikuwa mwanamke wa nyumba ile kama nilivyokuwa karani wa nyumba ile, sote tukiwekwa gizani na mtu mmoja. Nilimwonea hata huruma. Kila Idi nilimpelekea halwa, yeye akinitumia mandazi wakati wa Krismasi, tukikutana mjini tunashikana mikono na kuulizana presha. Aliwahi kuniambia, tukiwa dukani kwangu, "Zuhura, wewe ulikuwa na bahati mbaya na sisi," na mimi nikamchagulia chupa ya mafuta ya waridi nikakataa malipo.

Basi siku ya chakula cha kumbukumbu nilifukiza nguo zangu udi mpaka ukakaa kwenye ngozi, nikaenda Spring Valley. Njoroge alinipokea getini, amenenepa, ana tabasamu la babake. "Aunty, umependeza. Utaongea tukishaonja, sawa? Two minutes." Kulikuwa na watu kumi na wawili sebuleni, wanawe na wake zao, wakala wa sasa na mkewe, mchungaji, marafiki wawili wa Riruta waliozeeka. Mama Njoroge alikuwa kwenye kiti kikubwa chini ya ile picha ya glasi. Alinikumbatia, akinukia yale mafuta yangu ya waridi. "Twende ukatufungulie," akasema, akaniachia mkono tulipofika kwenye ujia, akarudi kwa wageni.

Jikoni wamebadilisha makabati, lakini droo ya vitambaa iko pale pale, na vitambaa ni vile vile, ukingo wa samawati umefifia. Mercy, msichana wa kazi, alikuwa amepanga glasi ndogo kwenye trei. Chupa ilikuwa mezani na sahihi ya Soulignac. Mkono wangu haukuwa umesahau. Kizibo kilitoka kizima, nikamimina kidole kimoja, nikainusa, nikangoja changarawe. Ilikuwepo, mbali sana. Mbele yake ilikuwa katoni iliyonyeshewa. Ile chupa ilikuwa imeharibika tangu siku ya kwanza ilipowekwa kizibo, imelala pale rafu ya juu miaka yote ikilindwa, na hakuna aliyejua kwa sababu aliyeweza kuinusa alikuwa ameshaondoka. Nilicheka peke yangu hata Mercy akauliza kuna nini. Nikamimina zote, matone kwa matone, zitoshe watu wote isipokuwa mimi. Kisha nikachukua kitambaa nikakikunja mraba, nikakibonyeza pembe kwa kucha, kama zamani. Kazi yangu ilikuwa kusema ukweli, nikausema, na wa kuusoma alikuwa ametundikwa ukutani. Hivyo ndivyo nilivyofikiri Mercy alipoibeba trei.

Nilisimama mlangoni, pale pale. Glasi zikaenda mkono kwa mkono. Wakala akainusa akafumba macho. "Unasikia hiyo oak, ile mbao ya pipa?" akamwambia mkewe. Mchungaji akasema hakuwa mtu wa kileo lakini hii ni heshima. Njoroge akamaliza ya kwake kwa funda moja, akasema, "Hii ndio Dad mwenyewe." Trei ikafika mwisho, kwa Mama Njoroge. Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa kuchukua glasi. Macho yakaangukia kitambaa. Mkono ukasimama hewani, nusu ya pumzi, kisha ukachukua glasi, ukaiweka kwenye meza ndogo kando, taratibu, bila kuipeleka mdomoni. Akaweka vidole kwenye paji la uso, kama mtu ambaye kichwa kinamuuma.

Nikamwona tena na gauni la kanisani, mwisho wa meza ya Soulignac, akitikisa kichwa mbele ya chupa ya nne. Nikaviona vitambaa alivyovipiga pasi kila Alhamisi, vilivyorudi kwake na mikunjo yake, pembetatu na mraba, na yeye mwenye macho, akivitandua kimoja kimoja. Alijua. Alijua ni nani aliyekuwa ananusa na kwa nini, siku shangazi walipokaa kwenye viti hivi hivi na kumuuliza swali moja, na alijua akikoroga chai yangu, na akila halwa yangu, Idi baada ya Idi. Njoroge akagonga kijiko kwenye glasi. "Sasa Aunty Zuhura," akasema, "tuambie kidogo kuhusu Dad." Nyuso zote zikanigeukia.

Yale maneno ya dakika mbili niliyokuwa nimeyapanga usiku na mchana yalikuwa ya mtu mwingine. Nikamtazama yeye peke yake.

"Mama Njoroge," nikasema, "mbona hunywi?"

Akainua macho akanitazama, akakitazama kitambaa, akanitazama tena. Wakala akacheka kwa upole. "Mum, kunywa, ni ya mzee," Njoroge akasema. Kila mtu alikuwa anangoja. Akaichukua glasi kwa mikono miwili, akainywa yote mpaka chini, na wakati wote huo hakuniondolea macho, wala mimi sikumwondolea.